Maneno ya Kitambo Kidogo

Katika kurasa hizi waalimu wenzetu wamekwisha kuandika habari nyingi za kilimo, za malezi ya watoto, na za desturi za wazee wetu. Sisi leo twaomba nafasi tuandike habari za maneno machache ya Kiingereza, nayo ni maneno madogo sana, yale yatajayo muda mfupi. Labda msomaji atasema, "Hayo ni mambo ya darasani, yatatufaa nini sisi wenye majembe?" Twamwomba avumilie. Sisi nasi zamani tulidhani ya kuwa kosa la neno ni kosa la daftari tu, mtu hulifuta kwa mpira akaandika jingine. Tulidhani hivyo mpaka siku moja neno moja la Kiingereza, tulilolifasiri vibaya kwa kinywa chetu wenyewe, lilimrudisha mzee mmoja nyumbani kwake bila ya kuonwa na daktari.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mwaka 2009 ilitangazwa kijijini kwetu ya kwamba daktari wa macho, mgeni kutoka Marekani, atakuja katika zahanati yetu siku ya Alhamisi. Siku hiyo watu wakaja wengi tangu alfajiri, na wengine walitoka ng'ambo ya mto, mwendo wa saa nne kwa miguu. Miongoni mwao alikuwako mzee mmoja mwenye mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Alishika ncha moja ya fimbo, na ncha ya pili ilishikwa na mjukuu wake, binti wa miaka 10, mwanafunzi wetu wa darasa la tatu, aliyekuwa akikaa kwa shangazi yake karibu na shule na kwenda kwa babu yake siku za mapumziko.

Tukamwamkia mzee, "Shikamoo, babu."

Akaitika, "Marahaba, mwalimu. Leo nimekuja kuyatafuta macho yangu."

Watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Akapewa karatasi yenye namba 64, akaketi kivulini kungoja.

Ikapata saa tatu, daktari hajaonekana bado. Likaja gari limebeba masanduku, na ndani yake bibi mmoja Mmarekani, msaidizi wa daktari. Alipoona umati wa watu waliochoka, akataka kuwatuliza. Akatuita sisi, kwa kuwa hapo hapakuwa na mwingine ajuaye Kiingereza kutupita, akatupa neno la kuwaambia watu: "The doctor will be here momentarily."

Sisi tulifundishwa Kiingereza kwa desturi ya Waingereza, na katika kamusi tuliyokuwa nayo neno "momentarily" maana yake ni kwa kitambo kidogo. Hatukusita. Tukapanda juu ya benchi, tukapaza sauti, tukasema, "Ndugu zangu, daktari atakuwa hapa kwa kitambo kidogo tu."

Yule bibi akatabasamu, akidhani tumewafariji watu. Walakini watu walianza kunung'unika. Wenye namba ndogo wakasogea mlangoni wakisukumana, na wenye namba kubwa wakaanza kuhesabu kwa vidole. Yule mzee akatuita.

"Mwalimu, umesema kitambo kidogo?"

"Ndiyo, babu."

"Basi mtu wa sitini na nne atafikiwa?"

Tukamjibu, "Kwa kweli, babu, hatudhani."

Akanyamaza. Kisha akamwambia mjukuu wake, "Haya, mama, twende zetu, jua lisije likatuchoma njiani bure." Tukawatazama wakishuka njia ya mtoni, fimbo katikati yao, na watu wengine wapata kumi wakaondoka nyuma yao.

Hazikupita dakika kumi daktari akafika. Akanawa mikono, akaketi, wala hakuinuka ila kwa kula chakula kidogo, hata jua likawa karibu kutua. Akawaona wote waliongoja. Namba 64 iliitwa mchana, ikaitwa tena mara ya pili, lakini hapakuwa na aliyeitika.

Kazi ya ukalimani ilitushika mpaka jioni. Masanduku yalipokuwa yakifungwa, tukamwendea yule bibi tukamwuliza, "Mbona ulituambia daktari atakaa kitambo kidogo, naye amekaa kutwa?" Akashangaa sana. Akasema ya kwamba hakusema hivyo kamwe. Yeye alisema daktari atafika sasa hivi, na watu wasihangaike. Hapo ndipo tulipotambua. Neno lilikuwa moja, lakini kwake lilikuwa neno la faraja, na kwa watu wetu, kwa kinywa chetu, lilikuwa neno la kukatisha tamaa.

Usiku ule ule daktari akaondoka kwenda wilaya nyingine. Kesho yake asubuhi tukapanda baiskeli, tukavuka mto, tukamkuta mzee ameketi kizingitini. Tukamweleza kosa letu lote, hatukuficha neno. Akasikiliza ameinamisha kichwa. Hakutukaripia. Akasema tu, "Neno lilikuwa la mgeni, mwalimu, lakini kinywa kilikuwa chako. Ungalimwuliza."

Hatukuwa na jibu.

Tukaenda hospitali ya mbali kuuliza kama twaweza kumpeleka huko kwa nauli yetu. Tukaambiwa ya kwamba kazi ya kupasua mtoto wa jicho hufanyika hapo wakati wageni wale wanapokuja, nao watarudi baada ya miezi minane. Katika miezi hiyo giza la mzee lilizidi, na yule binti akahamia kwake kabisa, akawa ndiye fimbo yake. Alimpeleka kisimani, alimpeleka shambani, alimpikia. Kila asubuhi tuliita jina lake darasani, na kila asubuhi alipokosa kuitika tulitia alama katika daftari la mahudhurio. Mwisho wa miezi minane tukazihesabu zile alama, zikawa 71. Hivyo ndivyo tulivyojua urefu wa kitambo kidogo tulichokitangaza juu ya benchi.

Wahenga walisema, mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tangu siku ile tumeyachunguza maneno hayo kwa bidii, na tuliyoyapata twataka kuwapa wasomaji, hasa vijana wanaosoma Kiingereza, na wote ambao siku moja wataitwa kuwa wakalimani wa ndugu zao.

Jambo la kwanza tuliloliona ni hili. Tukisema "muda mfupi," twaweza kuwa na moja ya mambo mawili moyoni. Huenda twataka kusema jambo litadumu kwa muda gani, au huenda twataka kusema jambo litaanza baada ya muda gani. Mambo hayo si mamoja. Urefu wa nyumba si urefu wa njia ya kuiendea. Nyumba yaweza kuwa ndogo na njia yake ndefu, au njia fupi na nyumba kubwa. Yule daktari njia yake ilikuwa fupi, dakika kumi tu, na kukaa kwake kulikuwa kurefu, kutwa nzima. Sisi tuliigeuza njia tukaifanya nyumba.

Basi mwanafunzi anayetaka kuchagua neno la Kiingereza na ajiulize kwanza: je, nasema habari ya kudumu, au habari ya kuanza? Akiisha kujijibu, ataona ya kuwa maneno yenyewe yajigawa makundi mawili.

Katika kundi la kudumu yamo "briefly" na "for a moment" na "temporarily." Ukisema "She stayed briefly," maana yake alikaa kidogo, kisha akaenda zake. Neno hilo "briefly" hutumika pia kwa uchache wa maneno: "He spoke briefly" ni kusema ya kwamba alitoa hotuba fupi. Na "temporarily" lina tabia yake peke yake, kwani halisemi ya kwamba muda ni mfupi. Lasema tu ya kwamba mwisho unatazamiwa. Mnara wa Eiffel ulioko Paris, katika Ufaransa, ulijengwa kwa maonyesho ya mwaka 1889, na ruhusa ya kusimama kwake ilikuwa ya miaka 20 tu, kisha ubomolewe. Ulikuwa mnara wa muda, na hata leo umesimama. Nasi vijijini twawajua wenzake: darasa la nyasi lililojengwa kwa muda, watoto wa watoto wakasomea humo. Kwa hiyo ukisoma katika tangazo ya kwamba njia imefungwa "temporarily," usidhani itafunguliwa kesho. Tangazo halikukuahidi kesho.

Katika kundi la kuanza yamo "soon" na "shortly" na "in a moment." Ukisema "The rains will begin soon," wasema mvua itaanza karibu, wala husemi neno lo lote juu ya kudumu kwake, yaweza kunyesha siku mbili au miezi mitatu. Neno "soon" ni pana, nalo hupimwa kwa jambo lenyewe. "Soon" ya chakula jikoni ni dakika chache, na "soon" ya mvua yaweza kuwa majuma. "Shortly" ni jembamba kidogo, lapenda kukaa katika barua na matangazo ya ofisi. "In a moment" ndilo la karibu kupita yote.

Hapa pana mtego, nao huwanasa wanafunzi wetu kila mwaka. Wamejifunza ya kwamba "short" ni fupi, basi huona ya kwamba "shortly" lazima liwe kwa ufupi. Mwanafunzi akitaka kusema alimtembelea shangazi yake kwa muda mfupi, huandika, "I visited my aunt shortly." Neno hilo halikai hapo. Na mtego una meno zaidi ya hayo, kwa kuwa "shortly" likiwekwa pamoja na kusema au kujibu huwa na maana ya ukali na mkato wa maneno. Kijana mmoja wa darasani kwetu aliandika barua ya kumshukuru mgeni aliyetutembelea, akamwambia, "You spoke to us shortly." Alitaka kusifu hotuba isiyochosha, kumbe alimwambia mgeni ya kwamba alisema nasi kwa hasira. Tuliiona barua kabla haijatiwa katika bahasha, tukaandika "briefly" mahali pake.

Sasa turudi kwa "momentarily," neno lililotuaibisha. Neno hili lina nyumba mbili. Waingereza walilitumia tangu karne ya 17 kwa maana ya kudumu: taa ikizimika kidogo kisha ikawaka tena, imezimika "momentarily." Katika karne ya 20 Wamarekani wakaanza kulitumia pia kwa maana ya kuanza: chombo kitatua "momentarily," yaani kitatua sasa hivi. Mwingereza wa desturi ya zamani akisikia hivyo hucheka, maana aona kana kwamba chombo kitagusa ardhi kisha kiruke tena kabla abiria hawajashuka. Hakuna aliyekosea hapo, kila mmoja asema kwa desturi ya nchi yake. Anayekosea ni mkalimani asiyejua ya kwamba nyumba ni mbili, akabisha hodi katika moja tu.

Tena tuliona ya kwamba kitendo chenyewe chaweza kukusaidia au kukuponza. Vitendo vya kufika, kama kuja, kuanza na kuondoka, havina urefu. Mtu hafiki kwa saa tatu. Kwa hiyo bibi yule kama angalisema daktari ata-"arrive," labda tungalishtuka na kufikiri. Lakini alisema ata-"be here," atakuwa hapa, na kuwa mahali ni kitendo chenye urefu. Mtu aweza kuwa mahali kwa dakika moja au kwa mwaka. Neno lenye maana mbili likakutana na kitendo kinachopokea zote mbili, nasi tukachukua ile isiyotakiwa.

Hata neno dogo kama "in" lataka macho. Ukisema "He will come in an hour," ni baada ya saa moja. Ukisema "He built the hut in a month," si baada ya mwezi mmoja. Ni kwamba kazi yote, mwanzo hata mwisho, ilikwisha katika mwezi mmoja. Na Kiingereza cha Afrika ya Kusini kina ajabu yake: mtu wa huko akikuambia atakuja "just now," usisimame mlangoni kumngoja, kwa maana desturi yao ni kwamba atakuja baadaye.

Tulipozidi kuchunguza tukaona jambo jingine, nalo ndilo lililotugusa zaidi. Maneno haya huzeeka, na karibu yote huzeeka kwa njia moja. Neno "soon" katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya papo hapo, nalo leo ni karibuni. Neno "anon," lililotoweka karibu kabisa katika mazungumzo, nalo lilianza kwa maana ya papo hapo, likaishia kwa maana ya baadaye kidogo. Na "presently" lilikuwa sasa hivi, likawa punde kidogo; ingawa Wamarekani na Waskoti wangali wakilitumia pia kwa maana ya wakati huu tulio nao.

Wasomaji wa Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 wataona alama za uzee huo. Katika Marko, sura ya 6, binti wa Herodia ataka kichwa cha Yohana Mbatizaji, na wafasiri waliandika "by and by." Msomaji wa leo aweza kudhani ya kwamba binti yule hakuwa na haraka, kwa kuwa siku hizi maneno hayo ni kama kusema baadaye baadaye. Sivyo, siku zile yalikuwa ni papo hapo, naye alikuwa na haraka kuu. Katika Mathayo, sura ya 21, mtini uliolaaniwa ulinyauka "presently," nako pia ni papo hapo mbele ya macho ya wanafunzi. Agano Jipya lililosahihishwa likatoka mwaka 1881, na mahali pote pawili wakaweka maneno mengine yenye maana ya mara moja, kwa kuwa yale ya kwanza yalikuwa yamelegea.

Kwa nini maneno hulegea hivyo? Twaona sababu ni sisi wanadamu. Mtu huitwa, naye husema "naja sasa hivi," kisha hukawia. Kesho husema tena, na hukawia tena. Hatimaye wasikiao hujifunza ya kwamba "sasa hivi" yake ni robo saa, na neno lenyewe hushuka thamani kama sarafu iliyochakaa mikononi mwa wengi. Neno halikufanya kosa. Lilivunjwa na ahadi zetu.

Na tusidhani ya kwamba haya ni ya Waingereza peke yao. Kiswahili chetu kina maneno yayo hayo. Ukimwambia mgonjwa, "Kunywa dawa hii mara moja," umemwambia ainywe sasa hivi, au umemwambia asiinywe mara ya pili? Maneno yachukua maana zote mbili, na mgonjwa aweza kufa katikati yake. Twasema "ametoka hivi punde," naye amekwisha kwenda. Twasema "atakuja hivi punde," naye hajaja bado. Na neno "kitambo," tukilitia "kidogo" ni muda mfupi, lakini mtu akikuambia hamkuonana kitambo, ni siku nyingi mno.

Walakini Kiswahili kimetupa dawa, nayo i karibu nasi. Sisi twasema "kwa muda mfupi" na "baada ya muda mfupi." Kwa "kwa" twataja kudumu, na kwa "baada ya" twataja kuanza, wala maneno hayo mawili hayachanganyiki. Siku ile zahanatini, kama tungalijiuliza kwa Kiswahili, "Je, ni kwa kitambo kidogo, au ni baada ya kitambo kidogo?" tungaliuona mlango wa pili. Kwa hiyo twawafundisha wanafunzi wetu hivi: mkiona shaka juu ya neno moja la Kiingereza, liacheni, mkatumie maneno mawili au matatu yaliyo wazi. Andikeni "for a moment" mkitaka kudumu, na "in a moment" mkitaka kuanza, na "momentarily" waachieni wenyewe. Msione haya kutumia maneno mepesi. Mwenye kisu kikali hakati kwa shoka.

Na dawa iliyo bora kupita hiyo ni hesabu. Dakika kumi ni dakika kumi kwa Mwingereza, kwa Mmarekani na kwa mtu wa ng'ambo ya mto. Wazee wa Ulaya walilijua hilo. Mtawa mmoja wa Uingereza, jina lake Bede, katika kitabu chake cha mwaka 725 juu ya kuhesabu nyakati, aliandika ya kwamba saa moja ina "momentum" 40, na hilo ndilo neno la Kilatini lililozaa "moment" ya Kiingereza. Kwa saa ya leo ni dakika moja na nusu. Siku hizi hakuna aitumiaye hesabu hiyo, na "moment" imekuwa ndefu au fupi kama kila mtu apendavyo. Basi kwa kuwa neno limepoteza kipimo chake, na tutaje kipimo chenyewe.

Tena tuulize. Kuuliza si ujinga, asema mhenga, nasi twaongeza ya kwamba kwa mkalimani kutokuuliza ni dhambi ya kiburi. Kwani siku ile tuliogopa nini? Tukisema kweli, hatukuogopa kukosea, kwa kuwa hatukuwaza ya kwamba twaweza kukosea. Tulipenda kusimama juu ya benchi tukaonekana tunajua. Kama tungalimgeukia yule bibi mbele ya watu na kusema, "Samahani, bibi, sijakufahamu," watu wangaliona mwalimu wao hajui. Tuliokoa heshima ya nusu dakika, na mzee akailipa kwa miezi minane.

Miezi minane ilipotimia wageni wakarudi. Safari hii mzee alikuja jana yake, akalala nyumbani kwetu, na asubuhi akawa na namba 3. Msaidizi mwingine akaja mbele ya daktari, akatuita, akatuambia ya kwamba daktari atakuwa pamoja nasi "shortly." Neno hilo twalijua vema. Hata hivyo tukamwuliza mbele ya watu wote, "Bibi, atakuja baada ya dakika ngapi, naye atakaa saa ngapi?" Akatazama saa yake, akajibu: baada ya dakika 20, naye atakaa mpaka awe amewaona wote. Tukawaambia watu maneno hayo hayo pamoja na hesabu zake, na hakuna aliyeondoka.

Mzee akapasuliwa jicho moja, na baadaye la pili. Siku moja asubuhi tukamwona akija shuleni kwa miguu yake, bila ya kuongozwa, na mjukuu wake amemfuata nyuma amebeba madaftari. Tukatoka nje kumpokea. Akatutazama kutoka juu hata chini, maana hakuwa ametuona vizuri kwa miaka mingi, akasema, "Kumbe mwalimu wetu ni mfupi hivi!" Watoto wakacheka sana, nasi tukacheka.

Akaushika mkono wa binti, akautia katika mkono wetu. "Huyu sasa ni wako," akasema. "Mimi namaliza kumwazima."

Ndugu wasomaji, twawaandikia haya pamoja na haya usoni, ili kama mmoja wenu ataitwa kesho kufasiri neno la mganga, au la hakimu, au la bwana shamba, akumbuke kuuliza kabla ya kupaza sauti. Macho ya mzee yalirudi, nasi twashukuru. Lakini zile alama 71 katika daftari hazikufutika. Mwaka ule binti hakuweza kuvuka na wenziwe, akarudia darasa la tatu, akaketi na watoto waliokuwa wadogo wake.